Kabla Hujaipeleka Familia Nzima Kwenye Upimaji wa Bure

Gari la matangazo likishapita mtaani na kipaza sauti chake, "upimaji bure, madaktari bingwa, njooni wote," watu hubeba watoto na wazee wakaondoka hivyo hivyo. Mimi nilibeba watu sita. Nilirudi na watano. Wa sita alilala kituo cha afya na dripu mkononi, kwa hiyo nisikilize.

Kwanza uliza wanapima nini. Kambi hizi hufuata kalenda: karibu na tarehe 17 Mei ni presha, Oktoba ni saratani ya matiti, karibu na tarehe 14 Novemba ni sukari. Usimtoe babu Chanika kwa ajili ya goti ukakuta wamekuja na vipimo vya macho tu. Uliza pia kama wanatoa dawa au wanaandika rufaa peke yake, maana rufaa ina nauli yake na gharama zake.

Kitambulisho na kadi ya bima, beba. Nguo ya mikono isiyobana, vaa.

Kadi ya kliniki ya mtoto usiiache, hata kama mtoto keshaanza kukimbia. Wazazi wengi huchanja surua ya miezi 9 wakaisahau ile ya miezi 18, na bila kadi hakuna muuguzi atakayebahatisha. Aliye kati ya miezi 6 na miaka 5 anatakiwa apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Wakimzungushia ule utepe wa mkononi wa kupima utapiamlo, angalia rangi mwenyewe: chini ya sentimita 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu, na nyekundu haisubiri wiki ijayo. Kama una binti wa miaka 9 hadi 14, uliza habari ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Siku hizi ni dozi moja.

Kina mama, kipimo cha mlango wa kizazi, kile cha kupaka siki, hakifanyiki ukiwa kwenye hedhi, basi hesabu siku zako mapema. Wala usijisafishe ndani na masabuni ili uonekane nadhifu mbele ya nesi. Kina baba mliovuka 50, kipimo cha damu cha tezi dume kipo, acheni kisingizio cha kidole. Ila siku mbili kabla, baiskeli iegeshe na chumbani mvumilie, vyote viwili vinaweza kupandisha majibu bure.

Presha nayo ina adabu zake. Usipime ukitoka kugombania daladala. Kaa dakika 5, kojoa kwanza, miguu ikanyage chini bila kupishana, mkono uegemee mezani usawa wa moyo, na mdomo ufungwe. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Mimi niliwahi kuandikiwa 168 juu nikiwa nahema, nikaanza kupanga mirathi. Nilipokaa nikapoa ikasoma 128. Kipimo kimoja cha 140 kwa 90 hakikupi ugonjwa, kinakupa sababu ya kurudia siku nyingine. Lakini ikifika 180 kwa 120, na kifua kinabana au ulimi umekuwa mzito, hapo hakuna kurudia kesho, ni hospitali muda huo huo. Na dawa za presha usizirukishe siku ya kupima. Mgonjwa ameze kama kawaida, kwa maji.

Sasa njoo kwenye kula, maana hapa ndipo nilipoungua.

Gari la matangazo lilisema wanaopima sukari waje bila kula. Nami, mkwe mwema, nikahakikisha mama mkwe hatii kitu mdomoni baada ya saa 2 usiku. Asubuhi nikamwekea maji ya kuoga, akavaa kanga zake mpya, tukatoka na watoto. Habari ya dawa sikumuuliza. Mama ana sukari miaka mingi, na vidonge vyake huvimeza saa 12 kamili asubuhi, kabla hata hajafungua banda la kuku. Siku hiyo pia alivimeza. Aliambiwa asile, hakuambiwa asimeze dawa, na kliniki walishamwonya kwamba dawa haikoswi. Hakukosea hata kidogo.

Namba yetu ilikuwa 143. Saa 4 walikuwa hawajamaliza 60. Saa 5 na nusu mama akaanza kutoka jasho, nikasema ni joto, nani hatoki jasho Mbagala mwezi wa 11? Mikono ikatetemeka, nikasema ni uzee. Halafu akaanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake, akanishutumu kwamba nimemwibia sufuria. Mama huyu tangu niolewe hajawahi kunipandishia sauti. Foleni nzima ikageuka waganga: mmoja anasema kapandisha mashetani, mwingine apepewe, wa tatu keshafungua chupa ya maji anataka kummwagia kichwani.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa nyuma yetu akamshika mkono, akauona ulivyo baridi na umelowa, akanigeukia. "Mwanangu, huyu bibi kameza dawa ya sukari leo?"

Nikabaki namtazama.

"Mpeni soda! Sukari imeshuka huyu!"

Kijana wa soda alikuwa hatua kumi kutoka pale tangu asubuhi, na ndoo yake ya barafu. Tukamnywesha kidogo kidogo, kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza. Nesi alipokuja mbio akamtoboa kidole, mashine ikasoma 2.4. Kwa mtu anayetumia dawa za sukari, chini ya 4 tu ni ya kushughulikia hapo hapo. Baada ya dakika 15 akapima tena, imepanda. Mama akatutazama mmoja mmoja, akauliza mbona amezungukwa kama maiti. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa peremende mbili alizokuwa amemwekea mjukuu wake. Muda wote ule tunababaika, sukari ilikuwa kiunoni mwake.

Nikadhani yameisha, nikaanza kukusanya watoto. Nesi akakataa katakata. Kidonge cha mama kilikuwa glibenklamidi, wengi wanakijua kwa jina la Daonil, na hicho kinaliamuru kongosho litoe insulini kutwa nzima, umekula hujala. Soda ni ya muda mfupi. Ikiisha, kidonge bado kiko kazini na sukari inateremka upya, pengine usiku mtu akiwa amelala, asionekane. Ndiyo maana akawekewa dripu na kuangaliwa mpaka kesho yake. Daktari wa pale akambadilishia dawa, akatueleza kwamba Shirika la Afya Duniani halipendekezi glibenklamidi kwa waliofika miaka 60, ziko nyingine za kundi hilo zilizo salama zaidi kwao, kama gliklazidi. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari hivyo. Kwa hiyo jina la kidonge ulijue. "Kile cheupe kidogo" si jina.

Wale wa kipaza sauti walikosea kutangaza njaa kwa kila mtu, na pale mezani pa kuandikishwa hakuna aliyeuliza nani kameza nini. Lakini mimi ndiye niliyetoka naye nyumbani.

Basi shika hili. Anayemeza dawa za sukari au kuchoma insulini hakai na njaa kwa tangazo la gari. Aulize kliniki yake kwanza. Kama lazima apimwe kabla ya kula, mpeleke kule mbele ya foleni, sema kwa sauti kwamba ni mgonjwa wa sukari, na dawa yake aibebe aimeze baada ya kupimwa, chakula kikiwa mkononi. Mjamzito na mtoto usiwashindishe njaa kwa sababu ya kambi, sukari hupimwa hata mtu akiwa amekula, na wanaojua kazi wanajua namna ya kuyasoma majibu hayo. Beba soda ya sukari, si ile isiyo na sukari, au maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Akishazimia usimtie chochote mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize.

Majibu wakikuandikia kwenye kikaratasi, kipige picha kabla hujakikunja. Vikaratasi hivyo huishia kwenye mfuko wa shati, na shati huishia kwenye beseni.

Na pembeni ya uwanja hukosi kumwona kijana mwenye kompyuta na kifimbo cha chuma, anakwambia kishike dakika moja kisome figo, ini, nguvu za kiume na mafuta ya damu. Hakuna tone la damu lililotoka, ila unatolewa karatasi kurasa nzima, kila kiungo kinaumwa, na dawa ya viungo vyote iko kwenye begi lake. Jirani yangu aliacha hapo ada ya shule ya muhula mzima. Figo hazisomwi kiganjani. Pita.

Mengine unayajua lakini nayasema. Mtoto mwenye homa hapangi foleni ya kambi, ni zahanati moja kwa moja. Mwenye kikohozi kilichovuka wiki mbili aseme mapema, akae kwenye upepo, asiwakoholee wajawazito. Miwani ya bure usiwachukulie ambao hawakuja. Kabla hujafunga mlango hakikisha maharage hayapo jikoni, maana "saa moja tu tunarudi" ya kambi ni saa 10 jioni. Mwavuli. Maji ya kunywa. Chenji ya nauli ya kila mtu, kwa sababu mnaweza msirudi pamoja. Kigoda chako ukiweza, viti vya plastiki huisha mapema. Na peremende kwenye pindo la kanga, ila uwaambie wote kwamba zipo.