Jinsi ya kupanga nani afanye nini na nani aamue kwenye biashara ndogo

Biashara ikiwa na watu wawili watatu hakuna cha mpangilio wala nini, mnaongea tu mambo yanaenda. Shida inaanza mkifika sita saba, hapo ndo unaanza kusikia "mi nilijua wewe ushampigia" mara "hakuna aliyeniambia", mara mteja kajibiwa bei mbili tofauti na watu wawili waliokaa meza moja. Na sio kwamba watu wamekuwa wazembe ghafla, ni hesabu tu. Chukua idadi ya watu, zidisha na hiyo idadi ukitoa moja, gawa kwa mbili, hizo ndo njia za maongezi kati ya mtu na mtu. Watu 3 wana njia 3, watu 6 wana 15, watu 10 wana 45. Kwahiyo kabla hujaanza kufoka kwenye kikao angalia kwanza mpangilio upo au haupo.

Sasa wengi wakisikia mpangilio wanakimbilia kuchora maboksi, juu mkurugenzi, chini meneja masoko, meneja fedha, meneja rasilimali watu, wakati watu wote wako wanane na huyo meneja rasilimali watu ndo huyohuyo anayefungua ofisi asubuhi. Achana na hayo kwanza. Anza na kazi, watu watakuja baadae.

Chukua oda moja ya kweli ambayo imeisha wiki hii, sio ya kufikirika, halafu ifuatilie kuanzia mteja alipouliza mpaka hela ikaingia. Nani alipokea simu? Nani alitaja bei? Nani alienda stoo kuangalia kama mzigo upo? Nani alipokea malipo, nani akaandika, nani akapeleka, nani alimpigia mteja kuuliza kama mzigo umefika salama? Andika kila hatua mstari wake na jina pembeni, kalamu na karatasi inatosha, usihangaike na programu yoyote. Ukimaliza utaona vitu vitatu. Kuna hatua zina majina mawili, hapo ndo panapogombaniwa. Kuna hatua hazina jina kabisa, mara nyingi ni ile ya kumuuliza mteja baada ya mauzo. Na kuna jina moja limejaa kila mahali, na kama wewe ndo mwenye biashara basi ni lako.

Halafu ongeza zile kazi ambazo hazionekani kwenye oda ila zisipofanyika unaumia: kodi na vibali visipitwe na tarehe, kuagiza mzigo kabla stoo haijakauka, kubadilisha nywila mtu akiacha kazi, kutunza mikataba. Hizi ndo huwa za "mtu yeyote mwenye nafasi", maana yake hazina mwenyewe.

Kila kazi iwe na jina moja

Hapa naomba tuelewane, jina moja, sio mawili. Watu wengi wanaona wakiweka wawili ndo wameongeza usalama, kumbe wameupunguza. Mwaka 1968 watafiti wawili Marekani, John Darley na Bibb Latané, walifanya jaribio, mtu amekaa chumbani peke yake anaongea na wenzake kwa kipaza sauti, ghafla anasikia mmoja wao kama amepatwa na kifafa. Walioamini ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada huyo mtu akiwa bado anahangaika. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia, ni asilimia 31 tu. Na hapo ni uhai wa mtu unazungumziwa, sembuse meseji ya mteja.

Ndo maana ukiandika kwenye grupu la WhatsApp "jamani kuna mteja anasubiri majibu toka asubuhi" unapata dole gumba nne na mteja anaendelea kusubiri. Kila mmoja kaona, kila mmoja kaona kwamba wenzake wameona. Andika jina la mtu na saa, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Ila mwenye kazi sio lazima aifanye kwa mikono yake mwenyewe, anaweza kusaidiwa na watu hata watano. Maana yake tu ni kwamba isipofanyika yeye ndo anaulizwa. Na kila jina liwe na mtu wa akiba, anayejua hiyo kazi kiasi cha kuishika wiki moja mwenzake akiugua.

Maamuzi ndo penyewe

Kugawa kazi ni rahisi, kugawa maamuzi ndo watu hawataki. Unampa mtu cheo cha msimamizi halafu kila kitu lazima akuulize, huyo sio msimamizi, huyo ni mtu wa kupeleka salamu. Mi naona biashara ndogo nyingi hazina shida ya vyeo wala ya watu, zina shida ya hapo tu, hakuna anayejua anaruhusiwa kuamua nini, kwahiyo aliye mwoga anauliza kila kitu na aliye jasiri anaamua hata yasiyomhusu.

Njia ambayo ni rahisi ni kugawa maamuzi kwenye ngazi tatu. Ya kwanza: amua, hata usiniambie. Ya pili: amua, halafu nijulishe siku hiyohiyo. Ya tatu: niulize kwanza. Basi. Mfano muuzaji na punguzo la bei, unaweza kusema mpaka asilimia 5 anapunguza mwenyewe, ikizidi 5 mpaka 10 anapunguza ila anakuandikia kampunguzia nani na kwanini, ikizidi 10 anamwambia mteja asubiri kidogo anakupigia. Hizo asilimia utapanga wewe kulingana na faida yako, usichukue zangu. Fanya hivyohivyo kwa kurudishia mteja hela, kununua vitu vya ofisi, kukopesha, kutoa ruhusa ya mtu kuondoka mapema.

Orodha ya maamuzi utaipata wapi? Kwenye simu yako. Wiki nzima kila swali utakaloulizwa na mfanyakazi liandike pembeni na ulijibu nini. Ukifika mwisho wa wiki utakuta kuna maswali umeulizwa mara tatu nne na kila mara umejibu jibu lilelile. Hilo halikuhitaji wewe, lilihitaji liandikwe mahali watu waone, kwahiyo linashuka ngazi ya kwanza. Yale ambayo wewe mwenyewe ulikaa ukafikiria kwanza ndo ya ngazi ya tatu.

Na mtu akiamua ndani ya mpaka uliompa halafu ikawa hasara, usimgeuke mbele ya wenzie. Ukimgeuka mara moja tu, wote wanarudi kuuliza kila kitu na ile karatasi yako inabaki pambo.

Mtu mmoja bosi mmoja

Henri Fayol, Mfaransa aliyeongoza kampuni ya migodi miaka mingi, aliandika mwaka 1916 kwamba mfanyakazi apokee maagizo kwa mkubwa mmoja tu. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado hili linavunjwa kila siku, na kwenye biashara ndogo mvunjaji namba moja ni mwenye biashara. Msimamizi kapanga dereva aanze na mizigo mitatu ya upande mmoja, wewe unapita unamwambia "hebu nipitishie hiki mara moja", dereva hawezi kukukatalia, jioni mizigo miwili haijafika na anayesemwa ni msimamizi. Ukitaka kitu, pitia kwa msimamizi, hata kama dereva kasimama mbele yako, na mtu akikuletea ishu ya kazi moja kwa moja muulize kwanza "umeshaongea na fulani?" kabla hujatoa jibu. Isipokuwa kama analalamika kuhusu huyo fulani mwenyewe, hapo msikilize, watu wajue kuna mlango huo.

Kama wenye biashara mko wawili, mke na mume au marafiki, gawaneni maeneo, mmoja fedha na manunuzi, mwingine mauzo na wateja, na kwenye eneo la mwenzio wewe ni mshauri tu. Mkitofautiana bishaneni mkiwa wenyewe. Wafanyakazi wakishajua baba akikataa mama anakubali hamna uongozi tena hapo. Na kama kuna ndugu ndani ya biashara, aandikiwe kazi yake na bosi wake kama wengine wote, shemeji asiyejulikana yuko chini ya nani anaharibu mpangilio kuliko mfanyakazi mvivu.

Kumpata msimamizi

Larry Greiner, msomi wa Marekani wa mambo ya uongozi wa kampuni, mwaka 1972 aliandika kuhusu hatua ambazo kampuni zinapitia zikikua, na tatizo la kwanza kabisa alilolitaja ni la uongozi, mwanzilishi aliyeweza kila kitu biashara ikiwa ndogo anaanza kuzidiwa. La pili linakuja baada ya hapo, watu wa chini wameshaijua kazi kuliko bosi ila bado hawaachiwi waamue. Biashara nyingi zinatibu la kwanza kwa kuchagua msimamizi, halafu zinakwama kwenye la pili.

Kosa la kawaida ni kumchukua muuzaji bora ukamfanya msimamizi wa wauzaji, umepoteza muuzaji na hujui kama umepata kiongozi. Angalia mtu ambaye wenzake wanamfuata kuuliza hata kabla hajapewa cheo, anayeweza kumwambia mwenzake "hapa umekosea" bila kugombana, na anayeleta taarifa mbaya mapema. Mkaimishe miezi mitatu kwanza, mkiwa mmekubaliana kwamba akirudi kwenye nafasi yake ya zamani sio aibu. Mtambulishe mbele ya wote na useme wazi anaamua nini, sio anaanza kujitambulisha mwenyewe kwa kugombeza watu.

Cheo usitoe kama zawadi kwasababu huna hela ya kuongeza mshahara. Nani atakunyang'anyia hicho cheo baadae?

Upande wa hela nitasema kwa kifupi: anayepokea hela asiwe ndo anayeziandika na ndo huyohuyo anayezihesabu mwisho wa siku. Kama mko wachache mno basi wewe mwenyewe linganisha daftari na taarifa ya benki au ya simu kila wiki, siku isiyojulikana. Hii inamlinda hata keshia mwaminifu, maana hela ikipungua hatashukiwa bure.

Andika, ukurasa mmoja tu

Kila mtu awe na ukurasa mmoja: kazi zake tano mpaka saba, maamuzi yake kwa zile ngazi tatu, anaripoti kwa nani, tutajuaje anafanya vizuri, nani anashika akiwa hayupo. Kile kimstari cha "na majukumu mengine atakayopangiwa" kinaruhusiwa kuwepo, ila kikiwa ndo kinachochukua nusu ya siku ya mtu basi ukurasa wako ni wa uongo. Uandike huo ukurasa pamoja na mwenyewe, mara nyingi atakutajia kazi anayofanya ambayo hukuwa unaijua.

Vikao viwe vifupi, dakika 10 asubuhi mmesimama, nani anafanya nini leo na nani kakwama wapi.

Baada ya mwezi jaribu, zima simu siku mbili za kazi, waambie mapema, acha namba moja tu ya dharura. Ukirudi usiulize "mambo yalikuwaje" maana utajibiwa fresh tu. Uliza ni kitu gani kilikwama kikakusubiri. Kila utakachotajiwa kitafutie jina na ngazi, rekebisha kurasa za wahusika, halafu rudia tena miezi mitatu ikipita au mtu mmoja akiingia au kutoka, chochote kitakachoanza.