Bajeti ya Safari ya Peru: Anza na Machu Picchu, Usianze na Idadi ya Siku

Mara ya kwanza kwenda Peru nilipiga hesabu kama wengi wanavyopiga: dola 50 mara siku 12, nikafunga daftari. Siku ya nne, nikiwa Ollantaytambo, mji mdogo wa milimani, karibu nusu ya fedha ilikuwa imeshaondoka. Kula na kulala Peru ni nafuu. Kinachokula fedha ni siku mbili za Machu Picchu, yale magofu ya Wainka juu mlimani. Safari ya pili nilianza hesabu na siku hizo mbili, nikarudi Lima na akiba mfukoni. Hivi ndivyo ninavyopanga sasa. Nimehesabu kwa soli (fedha ya Peru) 3.7 kwa dola 1. Wewe tumia bei ya siku zako.

Hatua ya 1: Tenga nauli na viza

Kutoka Dar es Salaam au Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Lima. Utapitia Ulaya, mfano Amsterdam au Madrid, au utapitia São Paulo. Fedha hii usiichanganye na ya matumizi. Kabla ya kulipia tiketi, ulizia viza ya Peru na ya nchi unayopitia. Ukinunua tiketi mbili tofauti, huenda ukalazimika kutoka nje kuchukua begi na kukaguliwa upya.

Tarehe nayo ni fedha. Juni hadi Agosti ni kiangazi na Cusco, mji wa kuanzia safari ya Machu Picchu, hufurika wageni, hasa kuelekea Inti Raymi, sikukuu ya jua ya Wainka, Juni 24. Mimi huchagua Mei au Septemba.

Hatua ya 2: Piga bei ya Machu Picchu, senti kwa senti

Kiingilio cha mgeni mtu mzima ni soli 152, sawa na dola 41. Ukitaka na kupanda kilele cha jirani, Huayna Picchu, ni soli 200. Kuna njia tatu za kutembelea, na tiketi hufungwa kwenye njia uliyochagua. Picha ile inayojulikana dunia nzima iko kwenye njia ya 2, nayo huisha mapema. Nunua hii kwanza, kisha treni, kisha chumba. Ukifuata mpangilio mwingine unaweza kujikuta na treni bila kiingilio.

Treni kutoka Ollantaytambo hadi Aguas Calientes, mji ulio chini ya Machu Picchu, kwenda na kurudi, weka dola 130. Saa za alfajiri sana au jioni huwa nafuu kidogo. Basi la kupanda mlimani na kushuka ni dola 24. Kitanda usiku mmoja dola 30, chakula dola 15. Jumla: dola 240.

Kuna njia ya wenye miguu. Unapanda basi dogo kutoka Cusco kwa saa sita au saba hadi kituo cha Hidroeléctrica, halafu unatembea kilomita 10 hivi kando ya reli hadi Aguas Calientes. Inaokoa zaidi ya nusu ya gharama ya treni. Lakini barabara ile ina makorongo, na kati ya Januari na Machi mvua huporomosha udongo. Miezi hiyo lipia treni, usibanie fedha hapo.

Hatua ya 3: Lipia mwinuko kwa siku, si kwa dawa

Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya bahari. Mtu aliyezoea pwani atapata kichwa kuuma na pumzi fupi. Weka siku mbili za kupumzika kwenye bajeti. Ujanja wangu ni kushuka moja kwa moja hadi Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, kulala huko, na kuiacha Cusco mwisho. Hiace za abiria, wao huziita colectivo, ni soli 10 hadi 15 tu.

Tiketi ya pamoja ya magofu (Sacsayhuamán, Pisac, Moray na mengine) ni soli 130 kwa siku 10. Ya soli 70 inatosha kwa mwenye siku chache.

Hatua ya 4: Kula wanakokula wenyeji

Mchana tafuta kibao kilichoandikwa menú. Kwa soli 10 hadi 15 unapata supu, sahani ya chakula na kinywaji. Chakula hichohicho kwenye uwanja mkuu wa Cusco ni mara tatu.

Katika soko la San Pedro, akina mama wa juisi wamekaa mstari mmoja, kila mmoja na rundo la matunda hadi kifuani. Atakujazia glasi. Usiondoke. Ukimaliza, atainua jagi la blenda na kukumiminia kilichobaki. Hiyo wanaiita yapa, ni ile nyongeza yetu ya sokoni, nayo haina bei.

Kwa siku, weka soli 45 za kitanda cha hosteli, 45 za chakula, 20 za usafiri na maji: soli 110.

Hatua ya 5: Kagua noti zako

Noti yangu ya dola 100 ilikuwa na mchano mdogo pembeni, usiozidi ukucha. Ilikataliwa kwenye maduka matatu ya kubadilishia fedha. Kabla ya kuondoka kagua kila noti mbele ya mwanga. Mashine za kutolea fedha hukata kamisheni kila mara, mara nyingi soli 20 au zaidi, kwa hiyo toa nyingi kwa mkupuo. Mashine ikiuliza kama ikubadilishie kwa bei yake, kataa. Vunja noti za soli 100 kwenye maduka makubwa, maana sokoni chenji ni shida.

Hotelini onyesha pasipoti: mtalii wa kigeni husamehewa kodi ya asilimia 18 kwenye malazi.

Hatua ya 6: Jumlisha

Siku 12: Machu Picchu dola 240. Siku 10 za kawaida, soli 1,100, yaani dola 297. Magofu dola 35. Ndege Lima–Cusco kwenda na kurudi, weka 140. Inafika 712. Ongeza akiba ya asilimia 15, na ziweke dola hizo 107 mbali na pochi ya kila siku. Uwe na dola 820, nauli ya kimataifa na viza zikiwa pembeni.