Somo: Kukodi Coaster ya kwenda msibani au harusini mkoani bila kuachwa njiani

Wakuu, habari za majukumu.

Kwenye kamati za ukoo wetu hapa Dar mimi ndiye mtu wa usafiri. Harusi, misiba, kipaimara, nimepeleka watu Moshi, Lushoto na Iringa kwa magari ya kukodi mara nyingi, na nimejua maumivu yako wapi. Naona wengi mnaulizana bei tu. Bei ina nafasi yake, lakini swali linalookoa watu ni hili: gari likifa Mombo, katikati ya njia, saa tisa usiku, nani analeta gari jingine, na kwa hela ya nani? Nitatumia safari ya Dar kwenda Moshi, kilomita kama 560, kuwa mfano.

Hatua ya 1: Jua mko wangapi kweli

Kwenye grupu watu 40 wataandika "nipo". Hesabu waliotoa nauli, basi. Halafu muwe makini na idadi ya viti. Mwenye gari akikuambia Coaster yake (basi dogo) ni ya watu 29, ndani ya hao 29 kuna viti vya kukunja vya katikati, vile vinavyoziba njia. Mgongo wa kiti hicho ni mfupi na pa kuegemeza kichwa hakuna. Mwaka mmoja shangazi yangu alikalia hicho. Kila mtu aliyetaka kushuka kuchimba dawa, shangazi alinyanyuka, kiti kikakunjwa, akasimama ameshika nguzo hadi wote wapite. Tulipofika Korogwe viatu havikumwingia tena. Tangu siku hiyo safari ndefu naweka watu 22 kwenye Coaster, viti vya katikati naviacha viwekewe mabegi. Mkiwa 30 na zaidi, kodini basi kubwa. Mkiwa 12, Hiace inatosha.

Hatua ya 2: Mfikie mwenye gari

Dalali ana kazi yake ya kukuonyesha gari, mlipe chake, lakini makubaliano fanya na mwenye gari. Omba picha ya kadi ya gari, linganisha jina na kitambulisho chake, na hela itume kwa jina hilo hilo. Dalali hana spana wala gari la akiba. Usiku ule wa Mombo yeye atakuwa amelala.

Hatua ya 3: Karatasi

Anza na namba. Gari la biashara lina kibao cheupe, la binafsi lina cha njano. Usikodi la njano hata likiwa jipya linang'aa: bima yake imekatwa kwa matumizi binafsi, na abiria wa kulipia wakiumia, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa.

Ukitaka daladala ya mjini, ile yenye mstari wa rangi ubavuni, kumbuka leseni yake ni ya njia yake. Kutoka nje ya mkoa inahitaji kibali cha muda cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Mwenye gari ndiye akifuatilie, na wewe ukione kabla ya kulipa. "Tutaongea na trafiki huko huko" siyo kibali. Bima ihakiki mwenyewe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na kwenye mfumo wa Polisi wa TMS angalia kama gari lina faini zisizolipwa. Dakika tano tu, simu ya mkononi inatosha.

Leseni ya dereva iwe ya daraja C, daraja la kubeba abiria. Daraja D ni la gari binafsi.

Hatua ya 4: Nenda ukalione, mchana

Nenda na mtu anayejua magari, hata fundi wa mtaani, mpe hela ya soda. Tairi ndiyo kitu cha kwanza. Vipara kila mtu anaviona. Wengi hawasomi tarehe. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ukikuta 2317, ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri kabisa na bado mpira umekauka na kuanza kupasuka ubavuni. Mimi likipita miaka sita nakataa. Spea nayo isome, maana huko ndiko huwekwa mababu.

Kisha omba muwashe gari likae dakika ishirini huku AC inafanya kazi. Tazama mshale wa joto, tazama chini kama kuna matone. Kagua mikanda, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za kuakisi, jeki. Piga picha namba ya gari na ubavu wake wote. Picha hiyo itakusaidia hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Andikianeni

Hapa niwasimulie. Tulikuwa na mazishi Moshi saa saba mchana. Tulikagua Coaster nzuri, tukaipenda. Jioni ya safari ikaja nyingine kabisa: "Ile imepata hitilafu kidogo, hii ni ndugu yake." Mwili ulikuwa umeshatangulia, watu wana kanga begani, tukapanda. Tuliondoka saa tatu usiku. Saa tisa, tunaikaribia Mombo, rejeta ikachemka, mvuke ukaingia hadi kwenye miguu ya waliokaa mbele. Mwenye gari alipokea simu mara mbili, ya tatu akazima. Gari la kutuchukua tulilitafuta wenyewe na kulilipia wenyewe, likafika saa tano asubuhi. Tulifika Moshi saa tisa na nusu. Mama yangu mdogo alikuta kaburi la kaka yake limeshafunikwa na mashada yamewekwa. Alikaa pale chini na mkoba wake mapajani, hakutaka hata maji. Hilo sijalisahau, na ndilo linalonifanya niandike hapa.

Karatasi moja inatosha, iwe na haya: namba ya gari lenyewe, na kwamba likibadilishwa bila ninyi kuliona mna haki ya kurudishiwa hela yote; likiharibika njiani mwenye gari analeta jingine ndani ya saa mlizokubaliana, au mnakodi wenyewe na gharama inakatwa kwenye malipo yake; mafuta, posho na malazi ya dereva, ushuru wa maegesho na faini za barabarani ni juu ya nani; gari litalala wapi na litazunguka kiasi gani mkifika. Wekeni sahihi, na shahidi mmoja kila upande. Mwenye gari mzuri hakatai. Anayesema "kwani hatuaminiani?" mshukuru, nenda kwa mwingine.

Hatua ya 6: Hela

Usilipe yote mwanzoni. Mimi natoa asilimia 30 kushika gari, 50 gari likifika siku ya safari likiwa ni lile lile, na 20 tukirudi. Hiyo 20 ndiyo inayofanya simu ipokelewe.

Siku ya safari

Dereva awe amelala. Muulize jana alikuwa wapi. Chagueni mtu mmoja akae mbele, aongee na dereva, na amkanye kwa niaba yenu akikimbia: mwisho wa mwendo wa basi ni kilomita 80 kwa saa, kwenye makazi 50.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu asante kwa somo. Kipi nafuu, kukodi na mafuta yake au mafuta yetu?

Jibu: Piga hesabu mwenyewe kwanza. Kwenda na kurudi Moshi ni kilomita 1,120, ongeza 80 za mizunguko, ni 1,200. Coaster ya dizeli naipigia kilomita 6 kwa lita, kwa hiyo lita 200. Zidisha kwa bei kikomo ya mafuta ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ya mwezi huo. Hutoka kila Jumatano ya kwanza. Ukijua hiyo namba, utaona kama "bei ya jumla" ni ya haki. Msiba wa ghafla mimi nachukua ya jumla, kichwa kitulie. Mkichukua mafuta yenu, jazeni tangi mbele ya macho yenu, risiti mkononi.

Swali: Kaka, sisi tunaenda nyumbani Desemba. Tuanze kutafuta lini?

Jibu: Dada, kama ni Kilimanjaro, mwisho wa Oktoba muwe mmeshashika gari. Baada ya tarehe 15 Desemba magari mazuri yote yameshakwenda, mnabakiwa na yale niliyoyasema. Na kwenye karatasi andikeni bei haipandi.

Swali: Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Kwa gari la kukodi unashauri usiku au mchana?

Jibu: Kuruhusiwa ni kitu kimoja. Basi la kampuni lina madereva wa kupokezana. Coaster ya kukodi mara nyingi ina dereva mmoja aliyeshinda mjini kutwa. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Kama mazishi ni kesho mchana, ondokeni leo, lipieni watu pa kulala. Ikibidi usiku, madereva wawili, na wa pili mumwone leseni pia.

Swali: Mwili unaweza kwenda kwenye Coaster yetu hiyo hiyo?

Jibu: Kodini gari la mwili peke yake, hata Noah iliyotolewa viti, na kibali cha mazishi kikae kwa mtu wa gari hilo. Msifungamanishe. Coaster ikipata shida, mwili uendelee na ndugu wawili. Na kabla ya kuondoka, mwombeni mchungaji au shehe wa huko namba yake ya simu, mkichelewa mumpigie. Siku ile ya kwetu hakuna aliyekuwa nayo.