Kompyuta ya mezani ya zamani haitoi sauti? Anzia kwenye spika, urudi nyuma

Mashine za ex-UK zimejaa mjini Nairobi. Pita Moi Avenue au Luthuli utazikuta zimepangwa, OptiPlex, HP Compaq, ThinkCentre, zimestaafu ofisini Uingereza lakini bado zina nguvu za kumsomesha mtoto au kuendesha saiba ndogo. Lalamiko linalorudi kila mara ni kwamba mashine haitoi sauti, na jibu ambalo mtu hupewa haraka ni kwamba kadi ya sauti imeungua, anunue nyingine. Naomba usitoe hata shilingi kabla hujamaliza hatua hizi. Mara nyingi sauti ipo, ila imeelekezwa kwenye tundu lisilo na spika. Ndiyo maana tunaanza na spika na kurudi nyuma hadi ndani ya mashine. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa cha sauti, tutaifikia mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: Spika na waya

Chomeka spika kwenye simu au redio ucheze wimbo. Zikinyamaza huko pia, kompyuta haina kosa.

Hatua ya 2: Tundu lenyewe

Rangi za matundu zilipangwa na Microsoft na Intel katika mwongozo wao wa PC 99, na watengenezaji wengi wakazifuata. Kijani ni sauti inayotoka, hapo ndipo spika zinapokaa. Waridi ni maiki. Samawati ni sauti inayoingia kutoka redio au kifaa kingine. Ukiona machungwa, nyeusi na kijivu, hizo ni za spika nyingi za sinema, ziache. Mashine za ofisini aghalabu zina matundu mawili tu nyuma, na rangi zikififia angalia alama: mshale unaotoka ndio wako.

Sukuma plagi hadi isikike ikikaa. Plagi iliyoingia nusu ina dalili ya ajabu: ala zinasikika lakini mwimbaji amepotea, au anasikika kwa mbali kama yuko chini ya kisima. Watu wamebadilisha spika kwa sababu ya hilo, na kumbe plagi ilibaki nje milimita mbili.

Waya wa skrini wa VGA haubebi sauti hata kidogo. Nyaya nyingine za skrini, HDMI na DisplayPort, hubeba, na hilo litatusumbua katika hatua ya nne.

Hatua ya 3: Tundu la mbele

Hapa ndipo mashine nyingi nzima huhukumiwa kuwa mbovu. Ndani ya tundu la hedifoni kuna ulimi mdogo wa chuma. Plagi ikiingia inausukuma, mashine inajua kuna hedifoni, basi inanyamazisha spika ya ndani, na nyingine hunyamazisha hata tundu la nyuma. Ulimi huo ukipinda, au vumbi na kutu vikiushika, mashine itaamini siku zote kwamba hedifoni imechomekwa. Itakaa kimya na hakuna draiva itakayoisaidia.

Zima mashine, chomoa waya wa stima. Mulika tundu kwa tochi ya simu. Ukiona pamba au uchafu, funga pamba kidogo kwenye kijiti cha meno, ichovye kwenye spiriti, uizungushe taratibu. Kisha ingiza na kutoa plagi ya hedifoni mara kadhaa. Acha pakauke kabla ya kuwasha.

Ikiwa tundu la mbele halifanyi kazi kabisa, fungua kasha. Waya wake huishia kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine, kwenye sindano tisa: nafasi ni kumi, ila moja haina sindano. Bodi nyingi zimeandikwa F_AUDIO au jina linalokaribia hilo. Fundi akiongeza RAM na waya huo ukachomoka, hatagundua, kwa sababu mashine itawaka vizuri tu.

Hatua ya 4: Njia ndani ya Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mmsys.cpl`, kisha Enter. Cheza wimbo huku ukiangalia orodha. Kando ya kila kifaa kuna mistari ya kijani, na hiyo ndiyo shahidi wako. Mistari ikipanda kando ya Speakers na husikii kitu, kompyuta inatuma sauti, kwa hiyo rudi hatua za juu. Ikipanda kando ya jina la skrini yako, sauti inapitia HDMI au DisplayPort kwenda kwenye skrini ambayo pengine haina spika. Bofya kulia kwenye Speakers, chagua Set Default Device. Kama Speakers haimo kwenye orodha, bofya kulia mahali patupu uweke tiki kwenye Show Disabled Devices.

Hatua ya 5: BIOS

Speakers haionekani hata hapo? Washa upya na uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo nyingi. Tafuta neno Audio na uhakikishe limewashwa. Kama saa ya mashine hurudi nyuma miaka kila stima inapopotea, betri ya CR2032 kwenye madabodi imekwisha na mipangilio yako haitadumu. Ni betri ya volti 3, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya 6: Draiva

Sasa ndiyo. Bonyeza tena Windows pamoja na R, andika `devmgmt.msc`. Alama ya njano kwenye kifaa cha sauti inamaanisha draiva imekosekana au imekataa. Fungua Properties, Details, kisha Hardware Ids. VEN_10EC ni Realtek, VEN_11D4 ni Analog Devices. Chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine. Kwa Dell, tumia Service Tag yenye herufi na tarakimu saba iliyobandikwa kwenye kasha. Ikiwa ya Windows 7 inagoma kwenye Windows 10, chagua ile ya Microsoft iitwayo High Definition Audio Device, inatosha kwa kazi za kawaida. Programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja usiziguse. Nimesafisha mashine nyingi zilizojaa uchafu wake.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kayole:* Fundi, natumia Linux Mint. Nyuma inacheza, lakini nikiacha hedifoni mbele, nyuma panakufa. Nataka zote mbili.

Fungua terminali uandike `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi yako. Nenda kwa mshale hadi Auto-Mute Mode, weka Disabled. Ukiona MM chini ya mhimili wowote, umenyamazishwa. Bonyeza M uwe OO. Halafu hifadhi kwa `sudo alsactl store`.

*Mwanachama wa Umoja:* Sabwufa yangu inanguruma muda wote, hata bila wimbo. Nikishika plagi inapungua.

Huo ni mngurumo wa stima, ile hertzi 50, ndugu. Chomeka kompyuta na sabwufa kwenye extension moja yenye ardhi ya kweli. Kisha chomoa waya wa antena au wa TV kama umeunganishwa kwenye mojawapo, usikilize tofauti. Usikate wala usizibe pini ya ardhi ili kunyamazisha mngurumo. Pini hiyo inalinda uhai wako. Mngurumo ukibaki, kuna kitenganishi kidogo kinachokaa katikati ya waya wa sauti.

*Mwalimu, Githurai:* Tukiingia darasa la Zoom, video ninayowachezea wanafunzi inashuka yenyewe.

Mwalimu, rudi `mmsys.cpl`, ukurasa wa Communications. Windows hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 inapohisi simu. Chagua Do nothing.

*Mwanachama wa Kariobangi:* Earphone za simu zinasikika vizuri, lakini maiki yake haichukui.

Hesabu mistari myeusi kwenye plagi. Mitatu inamaanisha sauti na maiki vimo pamoja, na tundu la kijani halijui maiki. Nunua kigawanyio chenye plagi mbili, ya kijani na ya waridi. Ikiwa tundu la waridi limekufa, kadi ndogo ya sauti ya USB itakutosha, na nyingi hazihitaji draiva.

*Dada, Rongai:* Niliweka Bluetooth ya USB. Muziki mtamu, ila nikipokea simu kwenye kompyuta sauti inakuwa kama ya redio mbovu.

Hedifoni hiyo ikianza kutumia maiki, Bluetooth hubadili njia na kutoa sauti ya upande mmoja yenye ubora mdogo. Dada, acha maiki ya Bluetooth, chomeka maiki ya waya kwenye tundu la waridi na uichague kwenye ukurasa wa Recording ndani ya `mmsys.cpl`. Muziki utabaki ulivyo.