Seva mbili, masta mmoja: zuia zisigombanie data

Wengi wakishafunga klasta ya seva mbili kwa Pacemaker (inayoamua seva ipi ifanye kazi) na Corosync (inayoziwezesha seva kuwasiliana) wanaona wamemaliza, kumbe kebo ya katikati ikikatika kila moja inadhani mwenzake kafa, zote zinajipa umasta, zote zinabeba IP ileile, na kama chini kuna DRBD (inayonakili diski ya seva moja kwenda nyingine) kila upande unaandika vyake, siku ya kuziunganisha lazima utupe data ya upande mmoja.

Kwanza washa STONITH. Najua klasta mpya inagoma bila hiyo na utashauriwa uweke stonith-enabled=false, usithubutu aisee. Kazi yake ni kuizima seva ya pili kabla hii haijachukua kazi, kupitia IPMI (kidhibiti kilichomo ndani ya seva) au PDU (soketi za umeme zinazozimwa kwa mtandao). Ila IPMI inakula umeme wa seva ileile, seva ikikosa umeme kabisa nayo inakaa kimya halafu klasta inakwama ikisubiri jibu, ndo maana mi naweka PDU kama njia ya pili. Pia weka pcmk_delay_base=10s (ichelewe sekunde 10) kwenye kifaa kinachozima seva unayoipendelea, zisije zikazimana zote kwa pamoja.

Kura sasa, za kuamua upande upi uendelee kebo ikikatika. Kwa seva mbili hakuna walio wengi, so tafuta kamashine kadogo ka tatu, weka qnetd (programu inayotoa kura ya tatu), fungua poti 5403. Njia za mtandao za Corosync ziwe mbili, swichi tofauti.

Kujaribu: pcs stonith fence jina-la-seva, ikizimika kweli (kawaida itajiwasha tena), chomoa kebo kwa mkono. Usitumie ifdown (amri ya kuzima kadi ya mtandao), hasa kwenye Corosync 2 ya zamani, inaichanganya na majibu yatakudanganya.