Jinsi ya Kuandaa Mlo wa Bistro ya Kifaransa Nyumbani Tanga

Bistro ni mgahawa mdogo wa mtaa ambako Wafaransa huenda kula vyakula vya siku zote vilivyopikwa kwa uangalifu: supu ya vitunguu, nyama na viazi vya kukaanga, samaki wa siagi, krimu karameli. Meza zake ni chache na zimekaribiana, orodha ya vyakula huandikwa kwa chaki ubaoni, na mara nyingi mteja huchagua kati ya vyakula viwili au vitatu tu, kwa sababu mpishi hununua kilichokuwa kizuri sokoni asubuhi ile na kukipika mpaka kikaisha. Utaratibu huo, kuliko kiungo chochote cha gharama, ndio unaoupa mlo wa bistro ladha yake. Mtu wa Tanga anaweza kuufuata nyumbani kwake bila taabu, kwa kuwa samaki hushushwa pale Deep Sea, maziwa na siagi hutoka kwa wafugaji wa mkoa huu huu, na viazi, karoti na liki huteremka kutoka Lushoto. Vipimo vya hapa ni vya watu 6.

Menyu huamuliwa sokoni

Usiwaahidi wageni chakula fulani kabla hujaenda sokoni. Nenda Deep Sea mapema ukaangalie kilichopo, na umchague samaki kwa macho na kidole: jicho liwe angavu na limejaa, mashavu yakifunuliwa yawe mekundu ndani, na nyama ukiibonyeza irudi mahali pake. Changu wakubwa wanafaa, na chewa anafaa zaidi kwa kuwa minofu yake ni minene na haivunjiki ovyo kikaangoni. Mwombe muuzaji akutolee minofu bila kuibandua ngozi, na ukichukue kichwa na mifupa kwa supu ya siku nyingine. Ikiwa samaki wa siku hiyo hawaridhishi, nunua kuku, kisha uandike kuku ubaoni. Hakuna aibu yoyote katika hilo, kwani hivyo ndivyo mpishi wa bistro anavyofanya. Kutoka hapo pita soko la Mgandini uchukue vitunguu maji, viazi, ndimu na pilipili manga.

Mapishi mengi ya bistro hutiwa divai au nyama ya nguruwe, na katika mji wetu mwenyeji anapaswa kulijua hilo mapema. Supu ya vitunguu mara nyingi hutiwa divai nyeupe, nyama ya ng'ombe ya mtindo wa Burgundy (eneo la Ufaransa) na kuku wa divai hupikwa kwa divai nyekundu pamoja na vipande vya nguruwe, na baadhi ya vitindamlo hugandishwa kwa jelatini ambayo aghalabu hutokana na nguruwe. Wapo wanaosema kwamba pombe huisha yote jikoni, lakini sivyo. Kiasi fulani hubaki hata baada ya chakula kuchemka kwa zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo, badala ya divai, tia kijiko kimoja cha siki mwishoni mwa kukaanga vitunguu. Ukali kidogo ndio unaotakiwa pale, ili utamu wa vitunguu usizidi, na siki inautoa vizuri.

Supu ya vitunguu

Hiki ndicho chakula ambacho ningependa kila mpishi akijifunze kwanza, kwa sababu kinatumia vitu vya bei nafuu na hakikubali haraka hata kidogo. Chemsha kilo 1 ya mifupa ya ng'ombe katika lita 3 za maji kwa saa tatu, moto ukiwa mdogo, ukiengua povu linapopanda, pamoja na karoti moja, kitunguu kimoja na punje chache za pilipili manga. Ichuje, itabaki kama lita 2.

Menya kilo moja na nusu ya vitunguu maji, uvikate nyembamba kwa urefu wake, kutoka kichwani hadi mziziani, kwa sababu vikikatwa kwa mduara hupondeka upesi. Katika sufuria nzito weka gramu 50 za siagi na vijiko viwili vya mafuta, tia vitunguu na kijiko kidogo cha chumvi, kisha ufunike. Baada ya robo saa vitakuwa vimelainika na kutoa maji. Funua, punguza mkaa, na uanze kazi ya kukoroga kila baada ya dakika chache. Sufuria itakaa kimya kwa muda, maji yakikauka. Halafu utaanza kuona utando wa kahawia ukishika chini. Tia vijiko viwili vya maji, ukwangue utando ule kwa mwiko uyeyuke na kurudi katika vitunguu, kwa maana rangi na ladha yote ya supu imo humo. Rudia hivyo kila utando unaposhika, mpaka vitunguu vipungue vibaki kama robo ya vilivyokuwa na vipate rangi ya tende. Kazi hii huchukua muda wa saa moja. Anayeongeza moto ili awahi atapata vitunguu vilivyoungua kingo huku ndani ni vyeupe, na uchungu wake hautoki tena.

Hapo nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, koroga dakika mbili, tia siki, kisha mimina supu ya mifupa na uache ichemke polepole nusu saa.

Supu hii hufunikwa kwa vipande vya mkate mkavu na jibini iliyoyeyuka. Boflo la jana linafaa kuliko la leo, kwa kuwa halimomonyoki. Jibini itokayo shamba la Irente kule Lushoto ni nzuri kwa kazi hii, ingawa jibini yoyote ngumu inayoyeyuka itafaa. Wafaransa huziingiza bakuli ndani ya joko. Sisi tuna njia ya moto wa juu, ile ile ya mkate wa sinia. Mimina supu katika sufuria pana isiyo na kina kirefu, panga mikate juu, tandaza jibini iliyokwaruzwa, funika kwa sinia la bati na upange makaa mekundu juu yake kwa dakika tano hadi nane. Jibini ikianza kutoa mapovu na madoa ya kahawia, ipeleke mezani hapo hapo.

Samaki wa siagi na ndimu

Namna hii ya kupika samaki kwa Kifaransa huitwa meunière, nayo ni nyepesi kiasi kwamba samaki aliyeanza kuharibika hujulikana mara moja. Ikaushe minofu kwa kitambaa safi, itie chumvi na pilipili manga, uipitishe katika unga wa ngano na kuukung'uta unaozidi. Wengi huikaanga kwa siagi tangu mwanzo na siagi ikaungua. Tumia samli, ambayo haina maji wala mabaki ya maziwa, hivyo huvumilia moto. Anza na upande wa ngozi, dakika tatu au nne, geuza mara moja tu, kisha uipakue. Mwaga samli ile, futa kikaango, tia gramu 80 za siagi mpya, na uisubiri itoe povu, povu litulie, na harufu yake ianze kufanana na ya karanga. Kamulia ndimu moja, ondoa motoni na umwagie samaki. Viazi vya Lushoto vilivyochemshwa na maganda yake vinatosha kuandamana naye.

Krimu karameli

Ipike asubuhi, maana inahitaji saa nyingi za kupoa. Yeyusha gramu 150 za sukari kwa vijiko vitatu vya maji mpaka iwe na rangi ya kahawia, uimimine chini ya chombo. Pasha mililita 750 za maziwa na vanila kidogo. Piga mayai 6 na gramu 120 za sukari bila kutoa povu. Changanya polepole, chuja, na umimine juu ya sukari ile. Weka chombo ndani ya sufuria yenye maji ya moto yanayofika nusu yake, funika, na upike kwa moto mdogo takriban dakika 45. Maji yasichemke kwa nguvu, la sivyo mayai yatatoboka vitundu.

Utaratibu wa mezani

Kwetu chakula chote huletwa pamoja, na ukarimu huonekana katika wingi wa sahani. Mlo wa bistro unataka kinyume chake: kitu kimoja kwa wakati, na kinachofuata kisiletwe kabla wote hawajamaliza kilichotangulia. Utaratibu huo wa hatua kwa hatua ni sehemu ya mlo wa Kifaransa uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2010 kuwa urithi wa utamaduni. Waalike wageni saa mbili na nusu usiku, baada ya swala ya Isha, wala wasiharakishwe. Andika vyakula ubaoni mahali ambapo kila anayeingia ataviona, ili ajue ni supu inayoanza na ajibakizie nafasi. Mkate uwe ndani ya kikapu katikati ya meza, na kila mtu aweke kipande chake juu ya kitambaa cha meza kando ya sahani, si ndani ya sahani. Kuufutia mchuzi uliobaki ni jambo la kawaida katika bistro. Maji ya kunywa yawe katika jagi.

Kahawa haiji pamoja na kitindamlo, bali baada yake, kali na bila maziwa, katika kikombe kidogo, na hapa kahawa chungu yetu haina haja ya kubadilishwa chochote.

Anayefika Ufaransa atakuta mambo hayo hayo, pamoja na machache ya kujua: husalimu kwanza mtu anapoingia, kabla ya kuuliza meza, jagi la maji ya bomba hutolewa bila malipo, gharama ya huduma imo tayari katika bei iliyoandikwa, hivyo bakshishi ni hiari, na mhudumu haleti bili mpaka aombwe, kwa kuwa kuileta mapema ni kumwondosha mgeni mezani. Nyumbani pia, vyombo visianze kuoshwa wageni wakiwa bado wamekaa.