Laptopu ya kuediti 4K: anza na kamera yako kabla hujaingia dukani

Nyinyi mnaonitumia picha za laptopu kutoka madukani huko Moi Avenue na Digo Road hapa Mombasa mkiniuliza "kaka hii itabeba 4K?", yaani itaweza kuediti ile vidio kubwa ya 4K, na picha yenyewe mmepiga stika tu imeandikwa i7, jina la prosesa ya Intel, leo wacha niwajibu wote pamoja nipumzike. Stika haisemi kitu. Mimi mwenyewe stika ishanila pesa, nilinunua mashine nyembamba nzuuri, i7 kweli, muuzaji akaniapia itabeba chochote, nikaja nikaipa harusi ya Kibokoni ya kamera mbili, wallahi ikawa inasonga kama gari kwenye foleni ya feri, na usiku wa kurenda, yaani kuitoa vidio iliyokamilika, ikajizima mara tatu kwa joto. Bibi harusi akarudi fungate, mimi bado nilikuwa na trela ya dakika mbili.

Kumbe ile i7 mwisho wake ina herufi U. Hizo ni prosesa za kutunza chaji, kawaida zinakula wati 15 hivi, sawa kwa barua pepe na hesabu za duka. Ya kuediti tafuta H, hizo zinaanzia kama wati 45, au HX kama mfuko unaruhusu, na upande wa AMD, mshindani wa Intel, ni HS na HX. Kwa hivyo i5, iliyo ngazi ya chini, ikiwa ya H inaweza kuitupa mbali i7 ya U, muuzaji hatakwambia hilo.

Lakini hata hiyo si mwanzo, mwanzo ni kamera. Chukua faili moja uliyopiga, ifungue na MediaInfo, ni ya bure, uone kodeki, yaani njia ambayo kamera imeibana vidio. Ukiona H.264 ya biti 8, yaani simu na kamera nyingi za kitambo kidogo, umepona, mashine yoyote ya heshima itacheza. Ukiona H.265 ya biti 10 na 4:2:2, yaani iliyobeba rangi nyingi zaidi, kama zile za Sony A7 IV au Canon R6, hapo sikiza vizuri kwa sababu ndipo watu wanalia. Faili hiyo imebanwa sana na inataka chipu inayojua kuifungua yenyewe, isipokuwepo prosesa inafungua kwa nguvu za mikono na vidio inaruka ruka. Intel za kizazi cha 11 kuja juu zinaifungua kwa ile grafiki yake ya ndani, Mac za M1 kuja juu pia, lakini kadi za grafiki za Nvidia mpaka zikafika zile za RTX 50 ndipo zikaanza kuifungua. Sasa fikiria kijana amenunua laptopu ya gemu, Ryzen, prosesa ya AMD, na kadi ya RTX 4060, gemu zinapepea, akiweka harusi mashine inakwama, anadhani ameuziwa feki. Si feki, hazikuelewana na kamera yake tu.

Kadi ya grafiki bado unaihitaji, hasa kama programu yako ya kuediti ni DaVinci Resolve maana hiyo inategemea kadi kuliko Premiere. Kumbukumbu ya kadi iwe GB 6, 8 ndio raha, ukiwa na 4 ukaweka rangi na kusafisha chembechembe za usiku itakwambia imejaa. Halafu kadi ya jina moja si lazima iwe na nguvu moja, RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 au mpaka 115, mtengenezaji ndiye anaamua, kwa hivyo tazama na chaja. Tofali la wati 90 kwenye laptopu ya gemu ni la kutilia shaka, na hizi za ex-UK, mtumba wa Uingereza, mara nyingi zinakuja na chaja za kuokoteza.

Ramu ya GB 16 ni ya kuanzia, 32 ndio utatulia. Uliza kama inaongezeka au imechomelewa kwenye bodi, Mac huongezi kitu baadaye kwa hivyo nunua ya kutosha siku ile ile.

Diski piga hesabu mwenyewe. Kamera ikirekodi Mbps 100 ni GB 45 kwa saa. Harusi ya kamera mbili saa nne nne ni GB 360, na hapo hujaweka Windows. Kwa hivyo SSD, diski isiyozunguka, ya GB 512 ni kujidanganya, chukua TB 1 ya NVMe, SSD ya kasi, na uulize kama kuna nafasi ya pili. Zile diski za kuzunguka ni za kuweka kazi zilizokwisha, usieditie humo.

Skrini iwe ya aina ya IPS, na ionyeshe sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi, kamili au karibu. Skrini rahisi zinapausha rangi, utaongeza wekundu wa hina mpaka kwenye simu ya mteja mikono inaonekana imechomwa.

Sasa joto. Vipimo vingi vya mtandaoni watu wanapima kwenye vyumba vya baridi, wewe unaeditia Majengo mwezi wa pili, kaskazi, feni ya ukuta inapuliza hewa ya moto. Usipende wembamba. Tafuta mashine nene kidogo, feni mbili, matundu yasiyozibwa na paja. MacBook Air ni nzuri lakini haina feni kabisa, ukirenda muda mrefu inapunguza mwendo. Na stima ikipotea laptopu ya gemu kwenye betri inashuka nguvu sana, usiahidi mteja kazi ya saa hiyo.

Dukani nenda na SSD yako yenye vipande vya kamera yako. Jipigie hivyo vipande Mama Ngina, ufukweni, asubuhi moja, usibebe kazi ya mteja, na vidio ya kupamba ya wanawake ndio kabisa, hiyo haifunguliwi mbele ya watu. Weka vipande kwenye programu unayoeditia, fungua Task Manager ya Windows uone grafiki ikifanya kazi ya kufungua vidio, kisha renda dakika kumi huku umeweka mkono juu ya kibodi. Ya mtumba angalia afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, na ya betri andika powercfg /batteryreport. Muuzaji akikataa kukuachia hizo dakika, mwambie asante, toka, maduka ni mengi.

Na kama pesa haitoshi bado, usikope. Tengeneza proksi, yaani nakala ndogo ndogo za 720, unakata na hizo, siku ya kurenda programu inarudi kwa faili kubwa zenyewe. Ile harusi ya Kibokoni niliimaliza hivyo, na i7 yangu ile ile ya U, imewekwa juu ya sahani mbili za udongo ipate hewa, kwenye chumba chenye kiyoyozi cha rafiki yangu Nyali, na kurenda peke yake kulichukua tangu isha mpaka alfajiri.